Mafundo Matatu kwenye Sufuria ya Shule

Asubuhi ile alimchania mumewe shati.

Mume alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kiatu cha mteja kimebanwa magotini, misumari mitatu mdomoni, akasikia kraa! Kugeuka, mkewe ameshika shati la mistari ya kijani, na mkono wa pili ana utepe wa upana wa vidole viwili.

Akatema misumari. "Mama, shati langu hilo!"

"Lako la lini? Hili lilishastaafu, halijapewa barua tu."

Mume akaanza kuokota misumari. Hakuwa mtu wa maneno. Mkewe alisema fundi viatu huyu hata nyumbani hutoa neno mojamoja, kama msumari. Kwa hiyo yeye alisemea wawili.

Alikuwa mpishi wa shule mwaka wa ishirini na sita. Watoto walimwita Mama Mwiko. Hakujua kusoma, mumewe vilevile. Lakini jikoni alikuwa na desturi yake. Kitu kikiharibika, alikifunga kitambaa, kisha akaenda ofisini kumwambia mwalimu mkuu. Bomba likivuja, kitambaa. Mlango ukikwama, kitambaa. Mtu mpya akiajiriwa jikoni, kabla hajaonyeshwa chumvi iliko, alionyeshwa vitambaa.

Sufuria kubwa ya maharage ilikuwa imelegea mkono mmoja tangu mwanzo wa muhula. Kitambaa cha kwanza kiliungua, likabaki fundo. Cha pili kilioza kwa mvuke, likabaki fundo. Cha tatu ndicho hicho cha shati.

"Leo namwendea mwalimu mkuu mara ya tatu," alisema akivaa ndala. "Akiniambia bajeti, nitamwambia bajeti haina miguu ya kuungua. Mimi ninayo."

Akatoka. Mume alikwisharudisha misumari mdomoni, hakumwambia hata kwaheri.

Saa tano mkono ule ukang'oka. Sufuria hubebwa na watu wawili, mmoja huku, mwingine kule. Upande ulioachia ulikuwa wa Mama Mwiko. Maharage yaliyokuwa yakichemka yakamshukia kuanzia paja mpaka ndani ya ndala. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa limefungiwa ofisini, na mtunza stoo mwenye ufunguo alikuwa safarini.

Mume alipofika hospitali alimkuta karani wa shule mlangoni na karatasi.

"Weka dole gumba hapa, mzee, mgonjwa ahudumiwe."

Gumba lilikuwa jeusi kwa rangi ya viatu. Karani akacheka. "Wewe umekuja na wino wako kabisa!"

Akaweka. Nani angeuliza, mkewe analia ndani?

Siku ya nne alikuja msaidizi wa jikoni, yule aliyeshika upande wa pili wa sufuria. Akamvuta kando.

"Shemeji, ile karatasi nimesomewa. Inasema dada alibeba sufuria peke yake, kwa ukaidi, na sufuria ilikuwa nzima. Na wewe umekubali."

 Mzee akarudi kitandani, akamweleza mkewe, bila kuficha. 

"Umewapa gumba," alisema mkewe. "Ulimi hujawapa."

Kidonda kikaoza, homa ikapanda. Siku ya kumi na moja akafariki.

Matanga yalipoanuliwa, mzee hakufungua kibanda chake cha viatu. Alitia lile shati kwenye mfuko, akaenda ofisi ya kazi ya serikali, inakopelekwa malalamiko ya wafanyakazi. Mkaguzi, mama mmoja wa makamo, alimpa kiti. Siku hiyo mzee alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Hakutaka kingine. Alitaka mkewe asibaki kwenye karatasi kama mkaidi aliyejiua, tena kwa gumba la mumewe.

"Hukusomewa?" mkaguzi aliuliza.

"Sikusomewa."

"Basi karatasi hiyo inapingika. Ajali ya kazini huandikwa ilivyotokea. Na kitu kibovu kinachoweza kumuumiza, mfanyakazi ana haki ya kukataa kukibeba, wala asifukuzwe."

Mzee akalikunja shati magotini. "Angeweza kukataa?"

"Angeweza. Ilipasa aambiwe."

Neno hilo lilimchoma kuliko karatasi. Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyemwambia.

Walikwenda shuleni pamoja. Sufuria ileile ilikuwa jikoni, mkono umekazwa kwa waya, mafundo yote matatu yangali juu yake. Msaidizi alikuwa anaisugua.

"Sikuwahi kuarifiwa," alisema mwalimu mkuu. "Laiti ningejua!"

Mkaguzi akainama. "Na haya matambara je?"

Mwalimu mkuu hakuwa na habari nayo. Jikoni si mahali pa kumkuta. Msaidizi akatazama sakafu. Alikuwa na watoto wanne, na kibarua ndicho hicho.

Mzee akatoa shati. Akalilaza juu ya mfuniko, akavuta ncha ya kitambaa cha tatu mpaka pale lilipochanika. Mstari wa kijani ukakutana na mstari wa kijani.

"Alilichana asubuhi ya siku ile," alisema. "Aliniambia anakuja kwako mara ya tatu. Hesabu mafundo."

 Mara dodoki la msaidizi likaanguka ndani ya maji.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema msaidizi. "Kila fundo ni safari moja ya ofisini. Mimi nilimsindikiza mbili, ya mwisho asubuhi ileile. Na siku ile tulibeba wawili."

Mkaguzi akaandika palepale, akiegemea meza ya kukatia vitunguu. Akamsomea mzee mara mbili, polepole: mpishi alitoa taarifa mara tatu, hakusikilizwa, akaumia akiwa kazini. Ndipo mzee akaweka gumba. Sufuria ikapigwa marufuku kuguswa.

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono kwenye sufuria. "Basi haya matambara tuyaondoe, yanaleta uchafu."

Mzee akamshika kifundo cha mkono, kwa adabu, lakini akakishika. Akamwambia kile ambacho Mama Mwiko alimwambia kila aliyeingia jikoni mwake, hakuongeza lake:

"Usikifungue mpaka fundi aje."