Perege Wadogo wa Mama

Mama yangu alikaanga perege sokoni Morogoro mjini tangu kabla sijaanza shule. Samaki walitoka kwenye bwawa kubwa nje kidogo ya mji, na nilipokuwa mdogo perege mmoja alijaza sahani. Kadiri nilivyokua mimi, wao walipungua. Mwishowe wavuvi walikuwa wakivua kwa vyandarua vya mbu, wakileta visamaki vya kutafunwa na mifupa yake, na sisi tukavikaanga vivyo hivyo. Kwa hiyo serikali ilipofunga bwawa ili samaki wazaliane, nilikasirika, ingawa nilijua kwa nini.

Mama hakukaa kulia. Alipanda kwao Uluguru, kwenye kipande cha ardhi ya ukoo chenye kijito, akachimba bwawa lake. Bwana samaki, kijana mpole wa serikali, akamletea vifaranga vya perege bure. Huyohuyo ndiye aliyekuwa akituhubiria sokoni kwamba ukivua samaki mdogo umekula mbegu. Mama alilishika neno hilo kuliko alivyoshika ya madrasa. Akitaka kitoweo alitega wavu, akamchukua mkubwa, wadogo akawarudisha majini huku akiwaomba radhi. Majirani walimtania kwamba anafuga wajukuu.

Lakini perege madume na majike wakikaa pamoja huzaa bila kupumzika. Wakubwa waliisha, wadogo wakajazana, chakula kikawa hakitoshi, na hakuna aliyekua. Bwana samaki aliporudi kukagua alishika kichwa.

"Mama, hawa ulitakiwa uwapunguze. Kwenye bwawa la kufugia wadogo wanavuliwa."

"Si wewe uliyesema mdogo haguswi?"

"Nilisema kule bwawa kubwa, mama."

"Ungesema basi."

Nilishindwa kucheka. Katika soko zima, aliyetii kuliko wote ndiye aliyeharibikiwa.

Njia bado ilikuwepo, bwana samaki alisema. Awavue wote, awakaange auze, na fedha hiyo inunue vifaranga vya madume watupu, ambavyo havitolewi bure. Mama akanunua mafuta, tukateremka mjini na mabeseni yetu. Hatukuwahi hata kuinjika karai. Siku hizo kuuza samaki wadogo kulikuwa marufuku, na mkaguzi mgeni pale sokoni alifunua beseni, akaweka rula juu ya samaki. Mama alimweleza, nikamweleza na mimi. Tulimpigia bwana samaki simu, naye alikuwa huko milimani kusikoshika mtandao.

"Mama yangu, kila ninayemkamata na wadogo siku hizi ana bwawa nyumbani," mkaguzi alisema, wala hakusema kwa ubaya. Akachukua mabeseni.

Nilitaka kumrukia. Nikifikiri leo, naona sheria isingesimama kama kila mwenye beseni angeaminiwa kwa mdomo wake. Naona hivyo, na bado inaniuma.

Mafuta yalikuwa yameshanunuliwa, hivyo kesho yake mama alikaanga mihogo. Akaendelea nayo. Vifaranga vipya hakuvipata, na bwawa lake likageuka shamba la magimbi.

Kisha bwawa kubwa likafunguliwa. Perege waliokuja sokoni walikuwa wale wa utoto wangu, mmoja sahani nzima. Serikali ilikuwa imesema kweli. Nilifurahi, ila nilikumbuka mabeseni yetu. Bwana samaki alikuja hadi kwenye karai la mihogo, uso wote meno.

"Shikamoo mama. Umewaona?"

"Marahaba baba. Nimewaona. Wamependeza."

Mama hakusema kwa kijembe, maana namjua. Alijifuta mikono, akavuka hadi meza za samaki, akaanza kuchagua taratibu, akiwafunua mashavu kuangalia wekundu. Muuzaji, aliyemzoea miaka yote, alishavuta ndoo kumjazia.

"Acha ndoo," mama akamwambia. "Nipe mmoja tu, wa kula."