Oili Chafu ya Makambako

Juma lililopita, nikingoja basi la Njombe pale Makambako, niliona watu wameizunguka miguu ya Mzungu. Mwenyewe alikuwa amelala chali chini ya gari lake kuukuu, lile lenye kitanda na mapazia ndani, akibadilisha oili kwa mikono yake. Sote tulimsifu, maana Mzungu kujichafua si jambo la kila siku.

Akafungua nati, na oili nyeusi ikamwagikia kwenye shimo alilochimba.

Mama mmoja mwenye kopo tupu akapenya katikati yetu, akasalimu kwa lugha ya kwao. "Kamwene, bwana. Usimwage!"

Mzungu akatoa kichwa. "Hii chafu, mama. Haifai tena."

"Naitaka nipake msalaba. Mchwa wanaula."

Mzungu akalitazama shimo. Ardhi ilikwisha kuinywa oili yote. Akafungua debe jipya ammiminie oili safi, lakini mama akafunika kopo kwa kiganja.

"Hiyo safi mchwa hawaiogopi."

Akapiga magoti, akaanza kuzoa udongo uliolowa. Nikamuuliza kaburi ni la nani.

"Kaburi hatuna, baba. Mume wangu alikwenda manamba, kibarua cha mkataba, akafia mkongeni, wakamzika huko huko. Kwetu kijijini Yakobi tumesimamisha msalaba tu. Huu ni wa tatu. Nao ukiliwa, wanangu watamlilia wapi?"

Ndiyo Tanganyika yetu. Injini hupewa oili safi ili isife. Mtu wa mkonge hutafutiwa ile chafu akishakufa, tena huipata imechanganyika na udongo.