Varanda ya Zege Iliyotazama Ziwani

Kijijini kwetu Mute kuna watu ambao wakiniona napita wanageuka, wanautazama ukuta wa karibu mpaka nipite, halafu wanacheka. Hawanichukii. Wananikumbusha tu siku ya posa ya dada yangu, na kwa kuwa habari imeshafika mpaka Namoto (muuza vitenge mmoja kule mpakani aliniuliza kama mimi ndiye yule wa varanda, na wala sikuwa nimemtajia jina), nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, maana wanaoisimulia husahau kusema kwamba varanda yenyewe ilikuwa nzuri. Aibu naikubali, imenikaa mwilini kama shati langu. Lakini varanda ilikuwa nzuri.

Sikilizeni basi. Dada yangu Atija ni mwalimu wa shule ya msingi, amenizidi miaka michache na akili nyingi, na alikuwa ameshakataa wachumba mpaka mama akaacha kuwahesabu. Safari hii alikuwa anataka. Mchumba ni Saide, fundi pikipiki wa Olumbi kule pwani, mtu mpole mwenye vidole vyeusi kwa grisi, na Atija alikuwa akilitaja jina lake kwa sauti ambayo sijamsikia akiitumia kwa kitu kingine chochote duniani. Watu wa Saide walipotuma neno kwamba watakuja kuposa, aliniita pembeni akanishika mkono.

"Sele," akasema, "baba hayupo, mwanaume wa nyumba hii ni wewe. Nakuomba kitu kimoja tu. Usinitie aibu."

"Mimi? Mimi nitawajengea mahali pa kukaa ambapo hawajapata kukaa."

Angenizuia hapo hapo, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Tulikuwa tumerudi kijijini si zamani, baada ya ile miaka ya kukimbia vita na kuishi kwa watu Pemba (mji wa mkoa wetu, si kile kisiwa), na nyumba tulikuwa tumeiinua upya mwisho wa kijiji, ubavu wake mmoja ukielekea kwenye ziwa letu dogo. Nyumba zote hapa baraza zake zinatazama njia, ili mtu asalimie na asalimiwe, jambo zuri kabisa, lakini mimi nilijiuliza: ziwa tunalo, kwa nini tunaligeuzia mgongo? (Kule Pemba nilikaa sana na vijana wenzangu wanaoandika, tunasomeana kurasa zetu mpaka kahawa inaisha, na nilirudi nyumbani nimejaa maneno kama mandhari na mwanga, na mtu akijaa maneno hayo lazima ayamwage mahali.) Nikayamwaga kwenye zege.

Niieleze ilivyokuwa, maana nikiacha nitakuwa nimejidhulumu. Ilikuwa nusu mwezi, tumbo lake limeegemea ukuta wa nyumba na mdomo wake wazi kuelekea ziwani, kama kiganja kinachosubiri mvua. Sakafu tuliinyanyua kutoka chini kiasi cha kimo cha goti, tukaipa mteremko mdogo ili maji yasituame, tukaisugua kwa saruji tupu mpaka ikawa laini kama ndani ya kombe, na ukingoni, kabla zege halijakaza, nikapanga vikokoto vyeupe kimoja kimoja kwa mkono wangu. Kuzunguka tumbo lote la nusu mwezi lilikwenda benchi la zege, limetupwa pamoja na sakafu, lenye egemeo refu linalofika mabegani, na katikati yake, juu tu ya egemeo, ndipo lilipo dirisha la sebule. Ngazi iliwekwa mbele, ili kila anayeshuka ashuke akielekea majini. Jua nalo nililifikiria: alasiri linakuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo aliyekaa anaona mbali bila kukunja uso, na aliyeko ziwani ndiye anayepigwa na mwanga machoni.

Fundi wangu, Dinisi, Mmakonde wa Mueda, aliupenda mchoro hata kuliko mimi. Mjomba Amade, kaka yake mama, ndiye aliyezunguka zunguka mikono nyuma, akauliza, "Na mtu akitaka kukaa upande mwingine?"

"Upande mwingine una nini, Mjomba?"

Akaendelea kuzunguka. Nikajiona nimeshinda.

Sasa ikafika siku yenyewe. Nikaamka mapema, nikakaa katikati ya benchi langu, nikatazama mbele, na nilichokiona ni matete. Matete marefu kuliko mtu, yamesimama kama pazia chini ya mteremko, na nyuma yake, kwa mbali, mng'ao mwembamba wa maji. Varanda ya kutazama ziwa, na ziwa halionekani! Nikachukua panga, nikashuka, nikakata. Ndiyo hivyo tu. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Nilikata njia pana ya mbele ya varanda mpaka maji yakafunguka yote, ya buluu, na kule ng'ambo yungiyungi yamechanua, nikasimama na panga mkononi moyo ukinienda mbio kwa uzuri ule.

"Sele, kelele gani hizo?" mama akaita toka jikoni, upande wa nyuma.

"Nasafisha, mama!"

"Safisha vizuri, mwanangu."

Nanyi mtaniuliza: hukujua kule chini kuna nini? Sikujua, wallahi, na hili ndilo linaloniuma. Kwetu mtoto wa kiume anafundishwa kwamba pale wanawake wanapooga hapaulizwi, hapasogelewi, hapatazamwi. Ukisikia kicheko na maji, unageuza njia. Mimi nimegeuza njia kwa adabu maisha yangu yote, vizuri mno, kiasi kwamba sikuwahi kujua hasa nageuza kutoka wapi. Zamani walioga upande wa kusini, hilo hata wanaume tulilibahatisha, lakini watu waliporudi kijijini wanawake walijichagulia pahali pengine, palipofichwa vizuri zaidi na matete. Nani angeniambia? Hata Mjomba hakujua. Tulikuwa wanaume waungwana.

Wageni wakafika alasiri na gari la wazi, vumbi la barabara limewapaka mpaka kope. Wazee wa kiume wakapitia msikitini, wakatawadha, wakaswali, wakaja kwetu kanzu zimekung'utwa. Wanawake mama akawapokea uani, akaona vumbi lile, akasema (haya niliyajua baadaye), "Wifi zangu, nendeni mkajimwagie maji kwanza, kule kumejificha, kuna matete," akawapa mtu wa kuwaongoza. Wakaenda kwa njia yao ya pembeni. Mbele yao alikuwa Shangazi Mwanasha, dada mkubwa wa baba yake Saide, na ndugu zangu, katika ukoo ule wazee wa kiume wanasema, lakini Shangazi Mwanasha ndiye anayeamua kama wamesema.

Mimi nikawapandisha wazee kwenye varanda, Mjomba akiwakaribisha. Mzee Bakari, mdogo wake Shangazi na msemaji wao, mtu mrefu mwenye kofia iliyotariziwa kwa uzi mwekundu, akakaa katikati, akapapasa zege, akaegemea, akashusha pumzi.

"Mashallah," akasema. "Nani kajenga hivi?"

"Mimi, baba," nikasema, na Dinisi, niliyemwalika aje asikie sifa zake, akakohoa. "Mimi na fundi."

"Nimekaa mabaraza mengi, kijana wangu. Hili linamfanya mtu ashukuru. Tazama, hapa mtu anaona yale maji, anaona yale maua, anaona mpaka..."

Kidole chake kikabaki kimenyooka kuelekea majini.

Nikageuka kutazama anachokiona. Wanawake walikuwa majini, kapulana zao, vile vitenge vya kujifunga, zimetundikwa kwenye matete yaliyobaki, mabega yanang'aa kwa sabuni, wanacheka, na jua limewapiga machoni hawatuoni hata kidogo. Sisi tulikuwa tunawaona kama tumelipia tiketi.

"Astaghafirullah!" Mzee Bakari akafunika uso kwa kofia. Wazee wengine wakainamia magoti yao. Wakataka kugeuka, benchi haligeuki. Wakataka kuondoka, ngazi inateremka moja kwa moja kuelekea kwa dada zao. Mzee mmoja akajaribu kukaa kiubavu, lakini kwa ule mzunguko wa nusu mwezi, kiubavu chake kikamtupa macho pale pale. (Nilikuwa nimekusudia kwamba kila kiti kitazame penye uzuri. Kilitazama.) Mwishowe Mzee Bakari akapanda, akapiga magoti juu ya benchi, akashika egemeo, akautazama ukuta wa nyumba. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, Mjomba naye, kanzu nyeupe zimejipanga, migongo yote ziwani, kama watu ndani ya gari wanaochungulia walichokisahau nyuma.

Hapo dirisha likafunguka. Mama, na sinia la kahawa, akakutana uso kwa uso na Mzee Bakari, pua zinakaribia kugusana.

"Yarabi! Sele! Wageni wana nini?"

"Tunapumzika tu, mama," Mzee Bakari akasema kwa heshima zote.

Nami nikafanya kosa la pili. Nikapiga kelele, "Mama, waambie watoke majini!" Sauti juu ya maji inasafiri, na mimi mdomo wa varanda nilikuwa nimeufungua hasa upande ule. Vicheko vikakatika. Halafu tukamsikia Shangazi Mwanasha, polepole, kama mtu anayekinga macho kwa mkono.

"Bakari? Ndiyo posa hiyo uliyokuja kuposa?"

"Dada, hatuoni kitu! Tunatazama ukuta!"

"Na mimi nikikutazama wewe, naona nini hicho, kofia au kilemba cha jogoo?"

Walipopanda mteremko wamejifunga kapulana mpaka shingoni, nusu ya kijiji imeshakuja kwa zile kelele. Shangazi alisimama chini ya ngazi, nywele zinachuruzika. Hakuwa anacheka.

"Nani kakata matete?"

Ningesema tu "nisamehe, Shangazi." Mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Mimi nikaanza kueleza. Nikaeleza nusu mwezi, nikaeleza mteremko wa maji ya mvua, nikaeleza jua, nikasema nia yangu ilikuwa mgeni akikaa aone mandhari.

"Kumbe," akasema. "Mandhari ndiyo mimi?"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Wazee, bado magotini, mabega yakawatikisika. Yeye peke yake alibaki mkavu.

"Bakari, shuka. Panda gari. Nyumba ambayo haijui wanawake wake wanaoga wapi, mimi sichukui mke hapo."

Kicheko kikafa. Dirishani, nyuma ya mama, nikauona uso wa Atija. Sijui niuseme vipi. Alikuwa ananitazama bila hasira, na hasira ningeipenda zaidi.

Kisha uso ukaondoka dirishani, na dada yangu, ambaye kwa desturi alitakiwa asionekane mpaka wageni waondoke, akatokea kwa nyuma ya nyumba, ushungi kichwani, na kwapani amebeba mikeka. Mikeka yake mipya ya rangi, aliyoisuka mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake ya ndoa. Akapita mbele ya watu wote, akainamisha kichwa kwa Shangazi, akaikunjua, akaanza kuiunga pembe kwa pembe kwa kamba ya ukindu. Hakumtazama mtu. Wasichana wa kijiji wakamfuata kusaidia. Ilipokuwa pazia moja refu akaleta miti miwili ya kuanikia nguo, akatafuta pa kuisimika mdomoni mwa varanda, na hapakuwa na pa kuisimika. Zege langu lilikuwa laini, zima, halina hata ufa.

"Sele, shika hapa," akasema. "Fundi, nawe shika kule."

Tukashika. Ziwa likafungwa. Wazee wakageuka taratibu, wakakaa, wakanyoosha magoti yao kwa miguno.

Shangazi Mwanasha akaisogelea mikeka, akapitisha kidole kwenye msuko, akamtazama Atija kutoka juu mpaka chini.

"Umesuka wewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na umeitoa nje iingie vumbi."

"Nimeitoa watu wakae na heshima zao."

Shangazi akauachia mkeka. "Bakari," akasema, "usishuke. Huyu namtaka. Yule wa zege wabaki naye wenyewe. Tena kabla ya nikaha nataka ukuta hapa, si matete, ukuta, na aujenge yeye."

Mkutano ukaendelea mpaka adhana ya magharibi, na muda wote ule mimi na Dinisi tulisimama tukiwa nguzo, mikono juu. Nilipojaribu kugeuka upande wa maji ili angalau nione kidogo nilichokijengea, Shangazi akasema, "Geuka huku, bwana mandhari." Nikageuka. Pua yangu ikabaki kwenye mkeka, mahari ya dada yangu inazungumzwa upande wa pili, na kijiji kizima kinapita nyuma yangu kutoa salamu. Dinisi akanung'unika toka kule kwake, "Mano, ndugu yangu, hii haikuwa kwenye mapatano yetu."

Ukuta nimeujenga, tofali kwa tofali. Nilitaka kuuwekea matundu ya kupitisha upepo, yenye umbo la maua, mama akasema, "Tundu moja tu, Sele, ulale nje." Basi hauna tundu. Varanda yetu sasa inatazama ukuta mweupe, na nawaambieni bila kujisifu kwamba hakuna sakafu iliyopoa kama ile kuanzia hapa mpaka Palma, wageni wanaigombania, na maji ya mvua hayajatuama hata mara moja.

Nimeapa, na nimeapa mbele ya mama: sitafungua mwonekano wowote kabla sijawauliza wanawake nini kipo mbele yake. Kuuliza si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kudhani kwamba usichokitazama hakipo.

Atija ameolewa, yuko Olumbi, anacheka kwa sauti ile ile. Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea, na Saide akanipeleka nyuma ya nyumba, akaniambia anafikiria kumwaga zege pale, varanda ya kutazama bahari, nami naonaje? Dada yangu alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Aliacha tu kupepeta.

"Sijui shemeji," nikasema. "Muulize mkeo."

Ungo ukaanza tena. Na jamani, pale palikuwa na mwanga!