Ngwe Yangu Imekwisha, Niacheni Nikanyonyeshe

Leo nimebishana na mwenyekiti wa kijiji mbele ya watu wote, huku blauzi yangu imelowa maziwa.

Mwanangu Wema ana homa. Nilimwacha kwa mama mkwe alfajiri, nikaja shamba letu la ujamaa hapa Igowole.

Nikapiga jembe. Ngwe yangu, kile kipande nilichopimiwa, ikaisha mapema. Nikaaga.

"Mama Wema, chuma cha kutoka hakijagongwa," mwenyekiti akasema. "Anayeondoka kabla, siku yake haihesabiwi kwenye mgawo wa mavuno."

Wanaume walioegemea majembe wakacheka. Ngwe zao hata nusu bado!

Hapo ndipo maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Aibu gani hiyo, jamani! Nikajifunga khanga kifuani, nikasema:

"Baba, mkitupima kwa kukaa, tutakaa. Tupimeni kwa ngwe, muone kama hatutalima."

Mwenyekiti akawageukia wale waliocheka. "Haya. Anayemaliza aende. Asiyemaliza abaki, hata jua lizame."

Mngewaona walivyoinama!

Lakini nikikimbilia nyumbani nikampita mzee wetu Bibi Semeni, bado analima, kiuno kinamuuma, ngwe yake ndefu sawa na ya kijana. Hakunilaumu.

"Nenda, mwanangu. Mtoto analia."

Nimeshanyonyesha. Homa imepungua kidogo.

Ila sheria niliyoidai mimi imemfunga bibi shambani. Kesho nasimama tena: wazee wakatiwe ngwe fupi.

Nani atasimama nami?