Neti Niliyoikana

Nakumbuka asubuhi moja karani wa hospitali alipoita "Opiyo!", nami Odongo nikasimama nikaitika. Ndiyo, mwanangu, umesikia vizuri. Opiyo ni pacha wangu, alinitangulia kuzaliwa, na sura zetu hata mama akiwa na haraka alikuwa anazichanganya. Yeye alikuwa ameajiriwa kiwandani, anaishi Kawangware, na alikuwa na kadi ya bima. Mimi nilikuwa kijana wa mjengo, kibarua wa ujenzi, nalala Gatwekera, hapa hapa Kibera, nabeba mawe kutwa, na mawe hayo yalikuwa yamenipa ngiri. Uvimbe kinenani, mkubwa kama yai. Niliufunga kwa kitambaa ndani ya suruali ili wenzangu wa mjengo wasijue, maana mwanamume mwenye ngiri huku kwetu huchekwa mpaka anahama.

Opiyo alinipenda, hilo silikatai. Aliitupa kadi mezani akasema, "Chukua. Hata hiyo picha, si ni wewe huyo? Ukiitwa, itika tu."

Nikaitika. Daktari alinieleza kwa upole kabisa: ataurudisha utumbo ndani, halafu pale palipolegea ataweka neti, kitambaa chembamba cha plastiki chenye matundu, na kitabaki humo maisha yangu yote. Akaniambia, "Ukipata shida yoyote hapa, hata baada ya miaka, mwambie daktari una neti." Siku ya kuruhusiwa nikapewa karatasi yenye maelezo hayo. Jina juu yake: Opiyo. Nikampelekea pamoja na kadi yake, naye ile karatasi akaichoma kwenye jiko la makaa ili isije ikaonekana na mtu. Tukacheka. Tulicheka, mwanangu, wajinga wawili tumezunguka jiko!

Miaka minne nikawa mzima. Nilibeba mawe, nikaoa, nikapata watoto wawili. Na nisiisingizie neti bure, wako wanaume wengi hapa Kibera waliowekewa na hawana habari nayo. Yangu ilipata uambukizo. Kovu lilianza kuuma, likavimba, likapasuka, likatoa usaha.

Nikaenda kliniki moja pale Makina, kwa mama mmoja anayeitwa Daktari Halima. Akalitazama kovu, akauliza, "Ulipasuliwa wapi? Walikuwekea neti?"

Akilini nikaiona ile kadi. Nikamwona Opiyo anafutwa kazi, anapelekwa polisi, na mimi nyuma yake. Nikasema, "Hapana, daktari. Nilishonwa tu, huko ushago, kijijini kwetu, zamani."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Akanipa dawa, kidonda kikafunga, kikafunguka tena. Nikarudi, akauliza tena, nikakana tena. Mara ya tatu alipouliza, nikamjibu kwa hasira, eti ananiona mimi mwongo. Akaniandikia niende hospitali kubwa nikapigwe picha ya tumbo. Karatasi hiyo niliitia mfukoni nikaenda zangu.

Miaka miwili niliishi hivyo. Nilikuwa nanuka. Kanisani nilijikalia benchi la mlangoni kabla watu hawajaniomba. Mke wangu, Atieno, alifua vile vitambaa vya usaha bila kulalamika, na yeye pia nilikuwa nimemlisha ule uongo wa ushago.

Halafu nikaanguka mjengoni na jiwe begani. Waliponipasua hospitalini walikuta neti imegandamana na utumbo, imeutoboa. Wakaitoa neti, wakakata na kipande cha utumbo. Niliamka nina mfuko tumboni wa kupitishia choo, nikakaa nao karibu mwaka mzima. Jiwe sijabeba tena tangu siku hiyo. Atieno ndiye aliyelea watoto kwa kuuza mboga, na mimi nikawa mtu wa kuketi mlangoni.

Daktari Halima alikuja kuniona wodini. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema, "Nilikuuliza mara tatu, Odongo. Ungeniambia ile ya kwanza, ingetolewa kabla haijagusa utumbo."

Jioni yake akaja Opiyo. Pacha wangu. Akaniinamia sikioni, na neno lake la kwanza halikuwa pole. Aliuliza, "Umewaambia?"

Nilimchukia siku ile, na sikufichi, mpaka leo sijamaliza kumchukia. Lakini ubaya wenyewe ni kwamba swali lile lilikuwa langu. Ndilo nililojiuliza kila nilipokanyaga Makina. Yeye aliliuliza mara moja, mimi niliishi nalo miaka miwili.

Basi sikiza, wewe unayepanga kuazima kadi ya binamu. Usiitike jina la mtu hospitalini. Ukiwekewa kitu mwilini, ulizia ni nini, na karatasi yake uitunze kama unavyotunza kitambulisho. Na kama umeshakosea kama mimi, mwambie daktari ukweli siku ya kwanza anapokuuliza, hata ukitetemeka. Polisi utawaogopa vizuri zaidi ukiwa na utumbo mzima.

Mungu akupe afya, mwanangu. Na siku utakayougua, maana utaugua tu, akujalie uitwe kwa jina alilokupa mama yako, uinuke, uitike.