Kichwa cha daktari wa Madurai

Wiki hii, kwenye duka la dawa huko Panda, nilimsikia mama mmoja akimsimulia muuzaji safari yake ya Madurai, mji wa kusini mwa India, alikompeleka mumewe kufanyiwa upasuaji wa moyo.

"Nilimuandikia docteur ku telefone, ikageuza mu Kiingereza: bwana yangu atapona? Akasoma, akafanya hivi." Mama akainamisha kichwa polepole, bega hili, kisha bega lile. "Minye nikajua amekatala. Nikatoka inje kulia."

Mwanamke aliyeuza chai kwenye geti la hospitali akamwita, akammiminia kikombe. Mama akamwonyesha kopo la sukari.

"Naye akafanya kichwa vilevile. Nikasema, hata sukari wananinyima. Halafu akatia vijiko viwili."

Muuzaji akaacha kuhesabu vidonge. "Kumbe ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Nikaacha chai palepale, nikapanda ngazi mbio kumuona bwana."

Bwana mwenyewe, mzima kabisa, alikuwa nyuma yake akicheka kimya.

Mimi nimeitikiwa "ndiyo" kwenye madirisha mengi ya ofisi, kwa sauti tamu, na hakuna kilichofuata. Siku hizi naangalia mikono inafanya nini.