Gari Niliyomuuzia Hamad

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka najikuta nimeinamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu chumbani. Sijapata kukusimulia. Mama yako anaijua, na watu wawili watatu wa Chake Chake wanaijua, nao kwa adabu yao hawaitaji mbele yangu. Lakini juzi ulinijia na simu yako ukanionyesha picha ya gari ya turbo inayouzwa Unguja, nyekundu, imeshushwa chini, ukaniambia, "Baba, hii ukiikanyaga inaruka." Nikakujibu tutazungumza. Basi leo tuzungumze, na unistahamilie, maana maneno mengine hayatoki kwa haraka.

Nilikuwa na umri kama wako. Nimetoka kwetu Wambaa nikaja kuuza vitambaa dukani kwa ami yangu, mjini Chake. Sikuwa na mke wala shughuli kubwa, na kila nilichopata nilikiweka kwa ajili ya jambo moja tu: gari. Tena si gari yoyote. Nilitaka ile ambayo ikipita watu wageuke. Nikaipata Unguja, kwa kijana mmoja aliyekuja nayo mwenyewe mpaka pale nilipofikia. Niliiendesha mzunguko mmoja, nikasikia ile turbo inavyovuta, mgongo wangu ukagandana na kiti, na akili ikaniruka hapo hapo. Sikufungua hata boneti. Ami yangu alikuwa ameniambia nitafute fundi aitazame kwanza. Nilimwambia nimeshamtafuta. Huo ulikuwa uongo wa mwanzo, na nilidhani ni mdogo.

Ilipofika Pemba kwa meli, asubuhi ya kwanza tu niliiwasha, ikatoa moshi wa buluu uliofunika ua mzima. Jirani yangu alikimbilia nguo zake kambani.

Nikaipeleka kwa Mzee Kombo. Huyu alikuwa fundi mtu mzima, mpole, mwenye gereji yake ya makuti na mabati kando ya mji, na hakuwa na tabia ya kumtisha mtu ili apate kazi. Aliizima, akaichungulia, akaingiza vidole vyake mahali, vikatoka vimelowa oili.

"Turbo yako inakufa, kijana," alisema. "Hiki ni kijifeni, kinazungushwa na moshi wa injini yenyewe, kinasukuma hewa ndani ili gari ipate nguvu. Uhai wake ni oili safi. Aliyekuwa nayo aliipiga mbio, akaizima ikiwa moto, na oili hakubadilisha. Sasa oili inavuja, ndo huo moshi."

"Inatengenezeka?"

"Inabadilishwa. Kuiacha hivi usiiache. Siku moja utaitegemea ikuvute, na haitakuvuta."

Maneno hayo, mwanangu, nayakumbuka kama yalivyotoka kinywani mwake. Siwezi kusema sikuambiwa.

Turbo mpya sikuweza kuinunua. Na kuwaambia watu kwamba nimetapeliwa, mie niliyejigamba barazani miezi mizima, sikutaka. Nikaona njia rahisi ni kuiuza. Na aliyeitaka alikuwa Hamad.

Hamad tulisoma chuo kimoja, Kurani tuliikhitimu siku moja. Alikuwa mwalimu wa skuli, kijana mtaratibu, ameoa karibuni. Mkewe, Zuwena, alikuwa akishona sare za watoto wa skuli, na kazi yake ikisifiwa. Hamad alishapanda gari yangu mara mbili tatu, akaipenda. Aliponiuliza kama naiuza, ningeweza kumwambia, "Yakhe, hii ina ugonjwa." Ni maneno manne tu.

Badala yake nilimwaga ile oili nyepesi nikatia nzito, inayoficha moshi. Na siku aliyokuja kuitazama, niliamka alfajiri nikaizungusha mji mzima, ili akifika injini iwe imeshapata moto, maana moshi ule ulikuwa ukitoka zaidi injini ikiwa baridi. Hamad aliweka mkono juu ya boneti.

"Mbona ya moto?" aliuliza.

"Nilimpeleka shangazi sokoni," nikamjibu.

Akacheka, akasema shangazi kabarikiwa kupata mpwa mwenye gari. Akaiwasha, haikutoa moshi. Akaichukua. Hakutaka hata kuipeleka kwa fundi. Alisema, "Kwako Salim nikapime nini?"

Haikupita miezi miwili. Alikuwa akienda Wete na mkewe kuwatazama wakwe. Kwenye kilima kimoja mbele yao palikuwa na lori la mchanga linalojikokota. Njia ilikuwa wazi, Hamad akatoka alipite. Alipofika ubavuni mwa lori, gari ikakata nguvu. Alikanyaga, haikujibu. Na mbele ikatokea gari ya abiria. Alichoweza kufanya ni kuipeleka porini. Ikapiga mkarafuu. Yeye hakuumia. Zuwena alivunjika mkono wa kulia, kwenye kiwiko.

Habari ilinifikia dukani nikimkatia mteja kitambaa. Nilikikata vibaya.

Siku ya tatu nikaitwa kwa Mzee Kombo. Gari ilikuwa imevutwa pale gerejini, imeharibika mbele. Hamad alikuwa amekaa juu ya tairi, shati lake halikupigwa pasi, yeye ambaye hata sokoni huenda kama anayekwenda darasani. Nilidhani atanishika kooni. Aliniamkia kwa upole, akaniuliza hali ya ami yangu, ndipo akasema:

"Salim, nakuuliza neno moja. Gari hii ulipokuwa nayo ilipata kutoa moshi, au kukata nguvu? Sikulaumu. Nataka tu kujua kama ni mie. Watu wanasema nimeendesha kama mwendawazimu, na mie mwenyewe sijui tena. Pengine nilikosea gia. Pengine sikustahili kulipita lile lori. Nataka nijue kama mkono wa mke wangu nimeuvunja mie."

Mzee Kombo alikuwa ameinama kwenye injini. Aliacha kazi yake, lakini hakugeuka.

Nami nikasema, "Wallahi, kwangu haikuwa na kasoro."

Mwanangu, niliapa. Hakuniomba kiapo. Nilikitoa mwenyewe, kama mtu anayetoa sadaka.

Hamad aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi ni mie," akasema. Akanishukuru. Akainuka, akaondoka kwa miguu.

Nikabaki na Mzee Kombo. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu.

"Nimenyamaza," alisema, "kwa kuwa nilitaraji utasema. Sikudhani utaapa. Sasa umeniachia kiapo chako masikioni, mie mtu mzima, na nnajua ni cha uongo."

"Mzee, nisitiri," nikamwambia.

"Kukusitiri nitakusitiri. Lakini sikiliza. Nikimwambia mie, atajua habari za turbo. Ukimwambia weye, ndo atajua kwamba hana makosa. Mtu yule hakuja kutaka gari. Amekuja kutaka usingizi wake, na weye umemnyima." Akarudi kwenye kazi yake. "Nenda, kijana. Sina zaidi."

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia.

Utadhani nilikwenda siku ile ile. Sikwenda. Nilikaa siku kumi na moja. Nilihama msikiti, nikawa nasali wa mbali ili nisisimame safu moja na Hamad. Nikimwona barabarani naingia uchochoroni. Nilijiambia mkono utapona, watu watasahau, naye atasahau.

Siku ya kumi na moja nilikuwa kwa kinyozi. Hamad akapita nje kwa miguu, na kikapu cha sokoni, maana alikuwa ameapa hatashika tena usukani. Mmoja wa waliokuwa wakisubiri akasema, "Huyo ndo dereva aliyemvunja mkewe." Wote wakacheka. Na mie nikacheka.

Nimefanya mengi maishani, mwanangu, lakini kicheko kile ndicho kinachoniamsha nikiwa nimelala. Nilijiona kwenye kioo cha kinyozi, povu kidevuni, meno nje. Niliinuka na ndevu nusu, nikatoka.

Niliwakuta wote wawili nyumbani kwao. Zuwena alikuwa ameketi mkekani, mkono umefungwa, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Sikukaa. Niliyasema yote nikiwa nimesimama mlangoni: moshi wa buluu, maneno ya Mzee Kombo, oili nzito, shangazi ambaye sikumpeleka sokoni, na kiapo. Nilitazama vidole vya miguu yangu muda wote.

Nilipomaliza, Hamad akauliza, kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Kwa hiyo si mie?"

"Si weye," nikasema.

Akaweka uso wake kwenye viganja, akalia. Rafiki yangu huyo nilimjua tangu tukiwa na meno ya utoto, na sikupata kumwona akilia.

Zuwena ndiye aliyenijibu. "Tangu siku ile mume wangu hajanitazama usoni," alisema. "Nikimwambia tumekadiriwa na Mungu, hanisikii. Ungesema siku alipokuuliza, Salim, mkono ungeniuma peke yake." Akaichukua tena sindano yake, wala hakunitazama.

Gari niliichukua, nikamrudishia chake chote. Nilifanya kazi kwa ami yangu muda mrefu kwa ajili hiyo. Kafara ya kiapo niliitoa. Mkono wa Zuwena ulipona, lakini haukunyooka sawasawa, na sare hakushona tena kama mwanzo. Hamad alinisamehe. Alinisamehe kweli, mbele ya ami yangu na Mzee Kombo, na harusi yangu alikuja, na wewe ulipozaliwa alikuja kukuombea dua.

Ila iko tabia moja anayo mpaka leo, na sidhani kama mwenyewe anajua. Tukikaa barazani, nikisema neno lolote, hata kwamba leo Mkoani kumenyesha, humgeukia mtu aliyekaa upande wa pili akamuuliza, "Ati kweli?" Hasemi kwa kejeli. Anauliza tu. Na yule mtu akisema kweli, Hamad huitikia kwa kichwa, akaridhika. Miaka yote hii, mwanangu. Nami nimekaa hapo hapo.

Sasa nakuusia. Gari ya turbo sikukatazi. Wewe ni mtu mzima na jasho ni lako. Lakini ukienda kuitazama, nenda asubuhi kabla haijawashwa. Weka mkono kwenye boneti. Ukiikuta ya moto, jibu lolote watakalokupa, rudi kesho. Iwashe wewe, utazame nyuma. Mchukue fundi asiyefahamiana na muuzaji, na akikwambia acha, acha, hata kama roho imekwisha kuingia ndani ya gari. Usione haya kurudi Pemba mikono mitupu. Ukiipata, badilisha oili kwa wakati, na ukitoka mwendo mrefu iache injini ipoe kidogo kabla ya kuizima. Barabara zetu ni nyembamba, zina vilima, na watoto hutoka skuli wakitembea kandokando.

Na ukitapeliwa, maana hata mwenye hadhari hutapeliwa, uishie kwako ubaya huo. Sema hadharani, "Nimenunua kibovu." Watu watakucheka juma moja. Mie niliogopa kuchekwa juma moja. Siku utakapoiuza, mtaje aliyekuuzia wewe, utaje kila kasoro, hata ambayo hukuulizwa. Na mtu akikuuliza ili apate kulala, mpe usingizi wake siku hiyo hiyo, usimkawize hata kwa siku moja.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali, akujaalie mwendo wa salama na ulimi usiokutia haya. Akukutanishe na wauzaji wakweli, na akujaalie wewe uwe mmoja wao. Na watu wakikaa nawe barazani, ukasema neno, wasihitaji kumuuliza wa pili. Amin.